Fundi aliyeogopa kufuta mistari ya kaka yake

Uji umeshanywewa na mabakuli yameshaoshwa, lakini ukungu wa Julai bado umeukalia Mlima Meru kama vile haukusudii kuondoka. Hapa Ngaramtoni, ndani ya chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari ya kanisa, Anneth Akyoo ameketi mbele ya mashine ya kwanza. Koti hajalivua. Vidole viko juu ya kibodi, havishuki.

Kwenye skrini kuna swali. Limeandikwa kwa Kiingereza, ila maana yake haina fumbo: faili hili la mipangilio mmelibadilisha wenyewe, na watengenezaji wameleta jipya. Je, mtachukua jipya, au mtabaki na lenu?

Nje ya mlango wanafunzi wasioona wa shule hiyo wanasubiri. Wameshikana mabega, wanapiga soga, wanachekana. Msichana mmoja anapaza sauti: "Dada fundi, bado tu?"

"Bado kidogo," anajibu Anneth, macho yakiwa palepale.

Swali hilo si geni kwake. Kwa miaka mitatu limemwandama, na isipokuwa mara moja, ama alijibu kwamba wabaki na lao, ama alilikwepa. Ukimuuliza kwa nini, hakuzungushi.

"Kwa sababu lile faili aliliandika kaka yangu," anasema. "Na kaka yangu amekufa."

Anneth ana miaka thelathini na mitatu. Karakana yake iko Ngarenaro, imebanwa kati ya fundi cherehani na mchomelea mageti, kiasi kwamba akizungumza kwa simu hulazimika kuziba sikio la pili. Watu humletea laptopu zilizomwagikiwa chai, printa zilizogoma, simu zilizozama ndooni. Siku nzuri anaondoka na elfu thelathini. Siku mbaya anaondoka na asante, na asante hailipi kodi ya fremu ya karakana.

Aliyeifungua karakana hiyo ni Ephraimu, mtoto wa kwanza wa nyumba yao. Ndiye aliyemshikisha mdogo wake bisibisi, akamfundisha kufungua mashine bila kupoteza skrubu, na akamgombeza kweli kweli zilipopotea.

Ephraimu alikuwa na ugonjwa wa kuokota kompyuta zilizokataliwa. Ofisi ikitupa, yeye anachukua. Alikuwa akizivua mfumo uliomo na kuziwekea Linux, ambayo ni ya bure na haichagui mashine kwa umri. Kwa njia hiyo alipata kompyuta kumi, akazipeleka kwa wanafunzi wasioona wa Ngaramtoni, na ndani yake akaweka programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa.

Sauti hiyo ilisema Kiswahili, lakini Kiswahili gani hicho! "Ilikuwa inatusomea kama mtalii aliyeshuka jana," anakumbuka Mwalimu Lomayani, msimamizi wa kitengo hicho, ambaye yeye mwenyewe haoni tangu utotoni. "Majina yetu ya Kimasai iliyavunjavunja. Watoto walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili hawakucheka tena."

Basi Ephraimu akaifungua programu ile na kuanza kuirekebisha. Mihula miwili alikaa na wanafunzi mmoja mmoja, akawauliza swali lile lile: "Mama yako anakuitaje?" Walipomtamkia, aliirudia mashine mpaka itamke hivyo hivyo, na kutokana na majina hayo akaifundisha kanuni za matamshi ya kwao, hata waliokuja baada yake wakaitwa sawasawa. Tangu hapo mwanafunzi akiketi na kuandika neno lake la siri, kompyuta humwamkia kwa jina lake kama linavyoitwa nyumbani kwao.

Hapa msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yenyewe. Ndani ya Linux kuna programu ambayo kazi yake ni kuleta programu nyingine, kuzisasisha na kuziondoa. Anneth huiita mtunza ghala. Mtunza ghala huyu hajui mapenzi. Akiona programu fulani ina toleo jipya, huitoa ya zamani na kuweka mpya, hata kama ya zamani ni kazi ya mikono ya mtu.

Ili kuilinda sauti yake, Ephraimu ilimbidi amwandikie mtunza ghala agizo: hii usiiguse. Ni mistari michache tu. Agizo lilikuwa sahihi. Mahali alipoliandika ndipo palipokuwa na kosa, na dada yake hamfichi.

"Aliandika ndani ya faili la watengenezaji wenyewe," anasema. "Lile ni lao. Wakitoa jipya, la zamani linafutwa pamoja na ulichoandika humo. Lazima aliyekaa pale aulizwe, na akijibu vibaya, kwisha habari."

Mahali pa kuandika papo. Pembeni ya faili hilo kuna folda ambamo mwenye mashine huruhusiwa kuweka faili lake mwenyewe, dogo, kwa jina lake. Mtunza ghala hulisoma pamoja na mengine, na watengenezaji hawaligusi abadani. Ephraimu alijua, ila alikuwa mtu wa haraka. Alikuwa akisema atakuja kupanga vizuri akipata nafasi.

Nafasi hakuipata. Figo zilimwanza kimyakimya, akidhani ni uchovu wa kazi. Alisafishwa damu miezi kadhaa, familia ikauza ng'ombe, kanisani washarika wakachanga, na bado Mungu akamchukua. Alizikwa nyumbani Akheri, upande wa pili wa mlima, ndani ya kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo.

Wiki chache baada ya mazishi Anneth alikwenda Ngaramtoni kuzisasisha zile mashine, na ndipo lilipomtokea lile swali kwa mara ya kwanza. Alilia, akabonyeza kubaki na lao, akafunga, akaondoka.

Mwaka mmoja ukapita hivyo. Kisha akajikaza. Akachagua mashine moja, akajibu kuchukua faili jipya, akasema moyoni ataiandika upya ile mistari atakaporudi wiki ijayo. Mtunza ghala hakumsubiri. Alipokuta hakuna agizo, alileta sauti ya kiwandani na kuiondoa ya Ephraimu.

Aliyegundua alikuwa Nalepo, msichana wa Olkokola, wakati huo akiwa kidato cha kwanza. Aliketi, akaandika neno lake la siri, akasikia anavyoitwa, akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Nilimwambia mwalimu, huyu siye," anasimulia Nalepo, ambaye sasa yuko kidato cha tatu. "Nilihisi kama nimeingia nyumba ya watu."

Sauti haikupotea kabisa, kwani ilikuwapo kwenye zile mashine tisa nyingine na Anneth aliinakili na kuirudisha. Lakini hofu ilishamwingia. Waswahili wana msemo mkali: asiyekuwapo na lake halipo. Yeye alikuwa ameuona ukitimia kwa macho yake. Siku hiyo hiyo alipita mashine zote kumi na kuzima usasishaji kabisa. Kisiingie kitu, kisitoke kitu.

"Unajua kinachochekesha?" ananiuliza, ingawa yeye hacheki. "Kila mteja anayekuja karakana namwambia: usiandike kwenye faili la watengenezaji, andika kwenye lako. Kujua najua. Kuihamisha ile mistari nilitakiwa niikate kwenye faili alilolishika yeye, halafu lile faili niliache liende. Mkono ndio ulikataa."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilitaka kumwambia kwamba faili ni faili tu, nikajizuia.

Kompyuta iliyofungiwa haibaki kama ilivyo, huchakaa. Mwaka wa kwanza hakuna aliyeona. Wa pili zikaanza kuganda katikati ya somo. Mwaka huu maktaba inayotoa vitabu kwa wasioona ikabadilisha namna ya kuviandaa, na mashine za Ngaramtoni zikashindwa kuvifungua. Wanafunzi wa kidato cha tatu wakawa wanasomewa Baiolojia na wenzao wanaoona, saa za mapumziko, kwa hisani.

Kabla ya Pasaka Mwalimu Lomayani alimwita. Anneth alimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," naye akaitikia marahaba, akamkaribisha chai. Chai ilipokwisha ndipo akasema.

"Binti yangu, marehemu tunampenda wote. Ila hawa watoto wanakwama. Uongozi umeshaniuliza kuhusu fundi mwingine, na huyo akija atafuta mashine zote na kuanza upya. Mimi sitaweza kumzuia, na sitaki kumzuia watoto wakiwa hawasomi. Nakupa mpaka likizo ya Juni iishe."

Anneth alitoka pale akipima njia mbili. Akiziacha mashine zilivyo, kazi ya kaka yake itafutwa na mgeni. Akizisasisha vibaya, ataifuta yeye.

Pasaka ilimkuta Akheri kwa mama yake, anayejulikana kijiji kizima kama Mama Ephraimu. Alimkuta kihambani ameinama, jembe mkononi, anang'oa migomba iliyozeeka hatua chache kutoka kaburini.

"Nilipiga kelele," anasema Anneth. "Nilimwambia, mama, hiyo usiiguse! Hiyo aliipanda Ephraimu!"

Mama Ephraimu si mwanamke wa maneno laini. Nilipomtembelea alinisimulia alichomjibu binti yake.

"Nilimwambia, kwani mimi sijui nani aliipanda? Nimemzaa mimi. Kaburi lake lile pale, lina mahali pake, nimelizungushia mawe na maua. Pale hapana atakayepitisha jembe nikiwa hai. Lakini mgomba umezeeka, hauzai, unawaziba watoto wake jua. Nikikiacha kihamba kizima kiwe pori kwa sababu mwanangu amelala humu, ndiyo nimempenda? Shika jembe, acha kunililia."

Anneth alishika jembe. Walilima mpaka jioni bila kusemezana sana. Usiku ule, anasema, alilala usingizi ambao hakuwahi kuupata tangu msiba.

Na leo, akiwa ameuwasha tena usasishaji, yuko hapa mbele ya swali. Likizo imekwisha, wanafunzi wamerudi, na jana Mwalimu Lomayani alimpigia simu kumkumbusha.

Anavuta pumzi. Badala ya kujibu swali, kwanza analiahirisha na kufungua faili la Ephraimu. Mistari iko pale, na juu yake kaka yake aliandika kwa Kiswahili: "Sauti ya watoto. Usiiguse." Anainakili polepole, neno kwa neno, huku midomo ikitembea. Kisha anakwenda kwenye ile folda ya pembeni na kuunda faili jipya.

Jina la faili linaanza na tisini na tisa, kwa kuwa mtunza ghala huyasoma kwa mpangilio, na lisomwalo mwisho ndilo lenye neno la mwisho. Baada ya namba hiyo anaandika: ephraimu.

"Sasa ana mahali pake," anasema, nusu kwangu, nusu kwa skrini.

Anarudi kwenye swali. Wachukue jipya, au wabaki na lao? Anabonyeza kuchukua jipya. Maandishi yanaanza kuteremka kwenye skrini, programu moja baada ya nyingine zinavuliwa na kuvalishwa upya, mambo ya miaka yote ile yaliyokuwa yamefungiwa nje ya mlango. Inapofika zamu ya sauti, mtunza ghala anasoma agizo na kuiruka. Anneth ananionyesha kwa kidole.

Mashine inajizima na kuwaka. Nalepo anaitwa wa kwanza. Anapapasa kiti, anaketi, anaandika neno lake la siri.

Kompyuta inamwita kwa jina, kama mama yake anavyomwita kule Olkokola.

Mwalimu Lomayani ameinamisha kichwa. Anneth amejishika mdomo. Kila mtu anangoja binti aseme neno, na yeye ameshasogeza vidole anatafuta kitu kingine.

"Haya," anasema Nalepo, "kile kitabu cha Baiolojia kiko wapi?"

Kinafunguka. Sauti inaanza kusoma sura ya kwanza, na wenzake wanajisogeza kuzunguka kiti chake, mmoja akimwomba aongeze sauti. Anneth anatoka nje bila kuaga, anasimama nyuma ya jengo na kulia kwa nguvu, kilio cha mtu aliyekizuia miaka mitatu. Mwalimu anamfuata na fimbo yake, anasimama kando yake.

Zimebaki mashine tisa, naye anasema kesho kutwa atakuwa amezimaliza. Karakana itabidi isubiri, wateja wakasirike wanaotaka kukasirika.

Baada ya hapo ana mpango mmoja. Waliotengeneza ile programu ya sauti wako nchi za mbali, na hupokea marekebisho kutoka kwa yeyote mwenye kujua lugha yake vizuri kuliko wao. Ameshaanza kuwaandikia. Anataka kuwapelekea yote aliyoyafanya Ephraimu, ili toleo lijalo litoke nayo tayari, na mtoto asiyeona wa Mbulu au wa Lindi, ambaye hakuwahi kumjua kaka yake, aisikie sauti hiyo bila fundi yeyote kumwekea.

Wakikubali, namuuliza, lile agizo la kuizuia litakuwa na kazi gani?

"Halitakuwa na kazi," anasema. "Siku wakiyapokea yale marekebisho, nitalifuta mwenyewe, kwa mkono wangu. Nitalia, lakini nitalifuta."