Nilivyomuunguza mdogo wangu mguu kwa kujifanya najua kukanda nyayo

Wakuu, asalaam aleikum. Shikamoo zenu nimeshazipokea, maana wengi humu mna umri wa wajukuu zangu.

Mimi ni bibi wa Mahege, Kibiti. Shule niliishia darasa la tatu, mtanivumilia nikikosea kuandika. Ila chumvi siongezi. Anayeaibika kwenye uzi huu ni mimi mwenyewe, sasa nimdanganye nani?

Kazi yangu tangu ujanani ni kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua naitwa, nachemsha maji, nachovya taulo, namkanda tumbo na kiuno mpaka jasho limtoke. Nilimkanda Somoe, nikaja kumkanda binti yake Zuhura, na juzijuzi Hadija, mkwe wa Zuhura. Wote wazima.

Basi nikajiona fundi wa mwili mzima.

Mdogo wangu Mwajuma anakaa Chumbi. Ana sukari miaka mingi, vidonge anameza. Mwaka jana miguu ikaanza ganzi, na mara inawaka kama kakanyaga pilipili. Usingizi hapati. Nikamleta kwangu.

Kilichokuwa kinamliza ni mpunga. Yeye ndiye anayekaa dunguni, kile kichanja kirefu cha kulindia shamba, akifukuza ndege. Ananiambia, "Dada, nisipopanda dungu mwaka huu, watoto watakula nini?"

Wakati huo mjukuu wangu Saumu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Dar. Kasomea tiba ya kubonyeza nyayo, wenyewe wanaita refleksolojia.

Nikadhani atakaa na kukanda. Wapi! Kwanza maswali: una kidonda, mguu umevimba, unameza dawa gani? Kisha akawa anachungulia katikati ya vidole, kimoja kimoja.

Nikamwambia, "Mke mwenzangu, unakanda au unanunua mbuzi?"

Mwajuma alicheka mpaka akakohoa.

Saumu akasema, "Bibi, mguu wa mwenye sukari haukurupukiwi."

Akatueleza. Waliosomea kazi hii wanauhesabu unyayo kama ramani ya mwili: vidoleni kichwa, hapa kwenye tako la mguu, chini ya vidole, kifua, katikati tumbo, kisiginoni kiuno. Unapita sehemu hizo kwa kidole gumba, kinatambaa taratibu kama kiwavi.

Nikauliza, "Kwa hiyo sukari itapona?"

"Haitapona bibi, na vidonge haachi hata siku moja. Hii inamtuliza tu, mwili ulegee, apate usingizi. Dawa ya hospitali ndiyo bibi harusi. Mimi ni mpambe."

Akambonyeza polepole kama nusu saa. Mwajuma akalala palepale mkekani anakoroma. Wakuu, nilifurahi, sisemi uongo.

Kesho yake Saumu akaenda Ikwiriri kumsalimia shangazi yake. Akaniachia maneno matatu: usitumie nguvu, usiweke maji ya moto, ukiona kidonda usiguse, peleka zahanati.

Nikayasikia. Lakini moyoni nasema, kukanda bila maji ya moto si sawa na wali bila nazi?

Nikachemsha. Nikaonja maji kwa kiganja, nikaona yanafaa. Sikukumbuka kwamba viganja vyangu vimekaa kwenye maji ya moto miaka yote hiyo, vimekuwa kama soli ya kiatu. Na Mwajuma mwenyewe ganzi imemkamata.

Ananiambia, "Dada, mbona maji yako kama ya mtungini? Ongeza."

Nikaongeza.

Jioni, malengelenge mguu wa kulia.

Hapa ndipo pananiuma kuandika. Nilificha. Nilipaka mafuta ya nazi, nikafunga kwa kipande cha kanga, nikamwambia Mwajuma yatakauka. Niliona haya. Mimi, mkandaji wa Mahege nzima!

Siku ya pili malengelenge yamepasuka, yanatoa maji. Nikampigia Saumu simu, nikamweleza yote.

  Akasema, "Bibi, mwite bodaboda sasa hivi, nitawakuta zahanati."

Nesi akasafisha kidonda, akanitazama. "Mama, mngengoja wiki hapa tungekuwa tunazungumza habari ya kukata."



Ikawa kwenda kusafisha kidonda, na sikukosa kumsindikiza hata siku moja. Siku moja nikamwomba Mwajuma radhi nikilia. Akaniambia, "Si mimi niliyesema ongeza? Nyamaza, watu watadhani nimekufa."

Kidonda kilichukua muda, lakini kikafunga. Alhamdulillahi.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kukanda nyayo kunatuliza, nimeona kwa macho yangu. Ila mgonjwa aendelee na dawa zake, na mwenye ganzi usimwulize yeye kama maji ni ya moto. Ukikosea, toa siri mapema. Haya zangu nusura zimle mguu mdogo wangu.

Msimu huu Mwajuma yuko dunguni Chumbi, kavaa viatu vya kufunika alivyoagizwa na nesi, anagonga debe ndege wanakimbia. Juzi nilimfuata. Nikamvua viatu, nikaanza kuchungulia kidole kimoja kimoja kabla ya kumbonyeza.

Akaniambia, "Dada, unakanda au unanunua mbuzi?"

Nikamjibu, "Nanunua. Nyoosha mguu."

Haya, wenye wazazi wenye sukari, mara ya mwisho kuwatazama nyayo ilikuwa lini? Niandikieni hapa chini, nasoma polepole lakini nasoma zote.