Mpishi wa Watoto 640 Aliyeshindwa Kupikia Wawili

Mvuke umeshaziba madirisha. Ndani ya jiko la shule hii ya bweni, mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na saba amesimama juu ya tofali, mikono yote miwili kwenye mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Anageuza maharage ndani ya sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea humo. Ni saa nne na nusu asubuhi. Saa saba, watoto mia sita na arobaini watapanga foleni mlangoni.

Haonji. Anasikiliza.

"Maharage yakianza kuiva yanabadilisha sauti," anasema, kichwa amekiinamisha upande. "Mwanzo yanagonga, kama mtu anabisha hodi. Baadaye yananong'ona."

Anachota chumvi kwa bakuli, anamwaga, anachota tena, halafu anasita na kurudisha kidogo kwenye mfuko. Mtunza stoo, mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi, anauchukua mfuko ule na kuuweka kwenye mizani. Zimetoka kilo tatu kamili. Hazikuzidi hata kijiko.

"Miaka minane nampima nikitaka nimkamate," mzee anasema, akifuta miwani kwa shati. "Sijamkamata hata siku moja. Huyu binti ana mizani kwenye kiwiko."

Ndiyo maana shule nzima, kuanzia mwalimu mkuu hadi mtoto mdogo kabisa wa bweni la wasichana, inamwita Kipimo.

Ukimtazama hapa hutaamini kwamba mwanamke huyu huyu, miezi michache iliyopita, alikaa chini kwenye sakafu ya chumba chake akalia kwa sababu ameshindwa kununua chakula cha watu wawili.

Kipimo hakuwahi kuwa na jiko la nyumbani. Alilelewa na shangazi yake, naye alikuwa mpishi hapa hapa shuleni. Waliishi nyumba za wafanyakazi nyuma ya stoo, na walichokula ndicho walichokula watoto. Akiwa na miaka kumi na tisa alishika mwiko wake mwenyewe. Kwake yeye, kitunguu ni kitu kinachokuja kwa gunia, mafuta huja kwa dumu, na mchele hushushwa kutoka kwenye lori.

"Watu wakisema 'nimekwenda dukani', mimi nilikuwa naelewa maneno tu," anasema. "Duka lenyewe nilikuwa napita nje yake."

Aliolewa na mpaka rangi, kijana mrefu aliyekuja shuleni kupaka kuta za bwalo. Alikuwa akichelewesha kazi kwa makusudi, mume anakiri, ili aendelee kula pale. "Nilipaka ukuta mmoja koti nne za rangi. Fundi mkuu akaniuliza, wewe unapaka ukuta au unauvalisha sweta?"

Baada ya harusi walikaa kwa mama mkwe miezi miwili. Mama mkwe ni mjane mcheshi, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na jikoni kwake haingii mtu. Wakapewa chumba, wakapewa chakula, wakapewa na ushauri. Lakini maharusi walitaka mlango wao wenyewe.

Mama hakukataa. Alitoa sharti.

"Miezi mitatu, wanangu," aliwaambia. "Mkiweza kufika mwisho wa mwezi na kitu cha kupika, hata mwezi mmoja tu katika hiyo mitatu, mimi nanyamaza. Mkishindwa yote, mnafunga virago mnarudi. Chumba chenu sikipangishi. Siwezi kulala mimi nimeshiba, ninyi mnameza mate."

Wakakubali, wakapanga chumba kimoja mtaani. Kwa mshahara wa jikoni na vibarua vya rangi, ambavyo vingine huja na vingine hupotea mwezi mzima, walikata shauri kwamba fungu moja kati ya matatu ya mapato yao litakuwa la chakula. Fungu hilo likiisha, limeisha.

Mwezi wa kwanza liliisha siku moja.

Kipimo alikwenda soko la jumla, mahali anapopajua kama kiganja chake, akafanya kile anachokifanya miaka yote. Akaangalia bei, akaona kwamba kilo moja moja ni ghali na gunia ni rahisi. Akanunua gunia la vitunguu, dumu la mafuta la lita ishirini na mchele kidogo kwa chenji iliyobaki. Akarudi juu ya mkokoteni, amekaa juu ya gunia, anatabasamu.

Mume alikuwa mlangoni.

"Mke wangu, tumefungua shule?"

"Nimeokoa hela nyingi sana," akamjibu. "Ungejua bei ya rejareja ungezimia."

"Na sukari?"

Kipimo akaangalia gunia, akaangalia dumu.

"Majani ya chai? Sabuni?"

"Nikanunue kwa nini?" Kipimo aliuliza, na mpaka leo akisimulia hapa anajificha uso kwa khanga. Anasema alihisi kabisa kuwa vitu hivyo vipo mahali fulani. Shuleni, sukari iko stoo. Hajawahi kufikiri juu ya sukari.

Walikula vitunguu vya kukaanga, vitunguu vya kuchemsha, na wali wenye vitunguu vingi kuliko wali. Wiki ya tatu gunia lilianza kuota majani marefu ya kijani. Majirani wakaacha kuwaita maharusi, wakawaita Bustanini. Siku ya ishirini na mbili mama mkwe alikuja na kikapu cha unga, akasimama katikati ya chumba, akanusa, akacheka, akasema neno moja tu: "Moja."

Mwezi wa pili mume akachukua usukani. Yeye hununua rangi kwa hesabu ya ukuta, basi alinunua chakula hivyo hivyo: kidogo kidogo, cha siku hiyo, na hakusahau kitu. Ununuzi haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye mkono wa mkewe.

Mkono uliozoea bakuli haujui kijiko. Kila akipika kwa watu wawili, sufuria inajaa ya watu saba. Mchele wa siku tatu unaingia jikoni mara moja. Wakawa wanagawa sahani nyumba hadi nyumba, na watoto wa mtaani wakajua saa ya kula ya Bustanini kuliko ya kwao.

"Nilikuwa namwaga, nikiangalia chini ya sufuria naona bado kuna nafasi," anaeleza. "Nafasi ilinitisha. Nikiona sehemu tupu kwenye sufuria, nasikia watoto wa foleni ya nyuma wanakosa."

Siku ya ishirini na tano fungu lilikwisha. Mama mkwe alikuja. "Mbili," akasema. Safari hii hakucheka, na hilo ndilo lililomuumiza Kipimo. Mama alikuwa ameanza kumwonea huruma.

Usiku ule Kipimo alilia. Mume alimwambia si vibaya kurudi, mama ni mama. Yeye akajibu jambo ambalo mume analirudia polepole, kama mtu anayebeba kitu chenye maji: "Nikirudi kwa Mama nitakuwa mgeni tena. Nimekuwa nikila kwa wengine tangu nizaliwe. Nataka siku moja nile kwangu."

Siku ya kwanza ya mwezi wa tatu, mwezi wa mwisho, alikwenda kwenye duka la mtaani. Muuza duka ni mama wa makamo mwenye ulimi mwepesi, na mbele yake kuna mizani ya sahani mbili iliyokwaruzika hadi ikang'aa.

"Karibu bibi harusi wa Bustanini. Leo unataka gunia la nini?"

Wateja wakacheka. Kipimo akapiga moyo konde.

"Mama, nipe mchele."

"Kiasi gani?"

Alijua kusema themanini. Alijua kusema mia moja na ishirini, siku za mahafali. Nyuma yake foleni ilikuwa inarefuka.

"Sijui," akasema. "Sijui mtu anakula kiasi gani."

Muuza duka akaacha kucheka. Akamtazama, akaegemea meza yake.

"Mwanangu, si wewe unayepika kule shuleni? Siku ya wali unapika kilo ngapi?"

"Themanini."

"Watoto wangapi?"

"Mia sita na arobaini."

"Wanashiba?"

"Wanashiba na kubakiza ukoko."

Mama wa duka akachukua penseli kutoka sikioni, akaandika kwenye kipande cha boksi, akagawa, akakuna kichwa, akagawa tena. Kisha akaweka jiwe dogo kwenye sahani moja ya mizani, na kwenye nyingine akamimina mchele taratibu mpaka sahani zikalingana.

"Watu wawili," akasema. "Robo. Kilo themanini zako na robo yangu hii ni kitu kimoja."

Wateja waliokuwapo wanasema Kipimo aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na ile sahani. Kilima kidogo cha mchele, cheupe, hakijai hata viganja viwili. Akakitazama kama mtu anayetazama mtoto mchanga na kuhesabu vidole.

"Sikuwa nimewahi kuona chakula cha mtu," anasema leo, na sauti inashuka. "Miaka minane nimelisha watu, nimeona chakula cha watu. Cha mtu mmoja, hiki cha kwako wewe na hiki cha mwenzako, sikuwa nimekiona. Nikasema, kumbe ndicho hiki? Kumbe kila siku nilikuwa nabeba hivi vilima vidogo mia tatu na ishirini, na kila kimoja kina wenyewe wawili?"

Akasema "nipe robo." Lilikuwa neno geni mdomoni. Akalirudia njiani akienda nyumbani, robo, robo, nusu robo, kama mtu anayejifunza lugha.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika, ingawa si kwa siku moja. Yale aliyoyajua ya shuleni aliyapeleka yote kwa mama wa duka, wakayagawa pamoja kwenye vipande vya boksi: maharage kilo arobaini yakawa nusu robo, chumvi kilo tatu ikawa kijiko na ushee. Nyumbani akapata kikombe cha bati kinachobeba robo ya mchele ukikisawazisha kwa kidole. Akanunua na sufuria ndogo, ili nafasi tupu isimtishe.

Tatizo moja likabaki. Mume alikuwa akiinuka mezani na njaa.

"Mke wangu, umenipimia chakula cha mtoto wa darasa la sita," alilalamika wiki ya kwanza. "Mimi leo nimepaka dari tangu asubuhi. Unajua dari? Shingo inakula peke yake."

Wakakubaliana. Siku ya ukuta, mume ni mtu mmoja. Siku ya dari, ni watu wawili. Ikawa ndiyo salamu yao ya asubuhi. Yeye akifunga kamba za viatu mke anauliza, "Ukuta au dari?" na jibu ndilo linaloamua chakula cha jioni. Siku moja alijibu "dari", na jioni akarudi na rangi magotini. Mke akamwangalia viatu, akamwangalia shingo.

"Baba, dari gani hii inayopakwa mtu amepiga magoti?"

Alikula cha ukuta siku hiyo. Anasema alistahili.

Siku ya mwisho ya mwezi mama mkwe alifika mchana, kikapu cha unga mkononi, na mfuko mkubwa mtupu begani wa kubebea nguo zao. Hakuficha. Aliuweka ule mfuko juu ya kitanda.

"Haya, nionyesheni."

Kipimo akafunua makopo moja moja. Mchele wa siku mbili. Maharage ya siku tatu. Sukari iliyotosha chai ya wiki. Mafuta, nusu chupa, maana lile dumu la mwezi wa kwanza halikuwa limewaacha bado. Kabichi nusu, imefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Na vitunguu vinne.

Mama mkwe aliingiza mkono kwenye kopo la mchele hadi chini kabisa, akakuna, akahakikisha hakuna gazeti lililowekwa chini kuuinua mchele. Majirani wawili walikuwa mlangoni wanajifanya wanapita.

"Nani kakufundisha, mwanangu?"

"Mama wa duka. Na watoto wa shule."

Mama akakaa kitandani, kimya, kitu ambacho mwanawe anasema amekiona mara mbili tu maishani. Kisha akaukunja mfuko wake mtupu, mara mbili, mara nne, mpaka ukawa mdogo wa kuingia kwenye pochi.

"Kuna mwalimu amekuwa akinisumbua anataka chumba," akasema. "Nilikuwa namzungusha. Kesho nitamwambia aje na vitu vyake."

Mume anasema hapo ndipo alipoogopa kweli. Kwa miezi mitatu alikuwa na pa kurudi, na sasa hana. Alimtazama mkewe kuona kama naye ameogopa. Mkewe alikuwa ameshawasha jiko na anamuuliza Mama atakula wali au atakunywa chai kwanza.

Jumamosi iliyofuata walikwenda wote wawili kukipaka rangi kile chumba, bure, kwa ajili ya mpangaji mpya. Koti mbili tu.

Siku hizi fungu la chakula hubakiza kidogo kila mwezi, na hicho kidogo kinawekwa kando. Kipimo anajua ni cha nini. Maharage yameanza kunong'ona, anapunguza moto, anashuka kwenye tofali lake na kuanza kutembea kutoka sufuria hadi sufuria katika jiko hili ambalo lori linaweza kugeuzia humo.

"Mwaka ujao tunataka tutoke chumba kimoja tuingie viwili," anasema, akifuta jasho kwa kiwiko. "Kimoja kiwe cha kulala. Kingine jiko langu. Nalitaka dogo. Dogo kabisa, nisimame katikati, ninyooshe mkono huu nifikie moto, huu nifikie maji, na nikigeuka, nimguse anayekula."