Maneno ya Mama wa Ghala

Programu ya kupokelea mazao katika ghala letu la Kasokola ilikuja kwa Kiingereza. Mama aliyetunza ghala hakukijua, kwa hiyo niliitafsiri mwenyewe, na maneno niliyachukua kwake. Nilimwuliza: ukishaandika mzigo na hutaki upotee, unasemaje? "Natia ghalani." Na ukikosea? "Nafyeka." Ndivyo vitufe vikasomeka: Tia Ghalani, Fyeka. Kumtafuta mkulima katika orodha, alisema, ni kupiga hodi, na hapo akacheka mpaka akaketi juu ya magunia ya karanga.

Toleo jipya lilipotoka, nilimweleza kwamba kuna mambo yameongezwa, nayo yatahitaji majina.

"Nyie watu wa kompyuta," alisema, "kitu kikianza kuzaa mnang'oa mpande kingine. Acha kwanza, baba. Tule hiki."

"Majina mengine utanipa lini, mama?"

"Kwani nahama?"

Nikaizuia programu ibaki kwenye toleo la zamani. Kompyuta ile ina meneja wa vifurushi, yaani programu inayoleta na kusasisha nyingine zote. Niliiagiza isiiguse hiyo moja ya ghala. Tangu hapo, kila niliposasisha mfumo, iliandika kwamba kifurushi kimoja kimezuiliwa. Nilipenda kuusoma mstari huo. Niliamini ninamtunzia maneno yake.

Alifariki masika yaliyopita.

Mavuno haya tukaletewa mzani mpya, nao haukuweza kusomana na toleo la zamani. Nilihifadhi nakala ya tafsiri, nikaondoa zuio, nikaagiza kusasisha. Kazi iliisha kabla chai yangu haijapoa. Programu ilifunguka bila hitilafu, na mzani ukaandika uzito wenyewe.

Maneno yake yote yalikuwa mahali pake. Ila katikati yake vilisimama vitufe vipya kwa Kiingereza, vingi kuliko vyake. Kimoja ni cha kutenga mzigo wa mkulima mmoja kwa madaraja ya ubora. Kazi hiyo nilimwona akiifanya kwa mikono kila mavuno, akijisemea kwa Kirundi, lugha ya kwao, na sikuwahi kumwuliza anaiitaje.

"Si uandike Tenga tu?" aliniambia mtunza ghala wa sasa. "Unangoja nini, kaka?"

Niliandika Tenga. Neno ni sahihi, na kila anayekaa pale analielewa. Mama angesemaje, sijui.