Kompyuta ya Restuta Haijazimwa

Saa tatu asubuhi, Restuta Chilongani anaandika mkutano wa wafugaji uliorekodiwa kwenye kanda. Sikio la kulia linasikiliza kanda, la kushoto linasikiliza kompyuta. Kioo cha kompyuta ni cheusi tii, maana amekizima. Cha kazi gani? Ugonjwa wa trakoma ulimaliza macho yake kijijini Gulwe akiwa na miaka kumi na minne.

Mashine humsomea kila anachoandika. Inatumia Linux, mfumo wa bure, kwa kuwa programu ya kulipia ya kusoma skrini ingemeza mshahara wake wa shilingi 90,000 karibu mwaka mzima. Sauti yenyewe inasoma Kiswahili kama Mzungu aliyeshuka kwenye ndege jana. Hilo amelizoea.

Asiowazoea ni wenye macho.

Ghafla sauti inakatika. "Nani amechomoa?"

"Samahani, dada Resti," anajibu Lameck, mpokezi wa wageni, simu yake ya mkononi ikiwa tayari imechomekwa kwenye soketi ya kompyuta. "Nimeona kioo kiko giza, nikajua umezima."

"Lameck! Jana ulisema hivyo hivyo. Juzi alikuwa Anjelina na birika lake la chai. Kwani mimi nimekaa hapa napapasa meza?"

Aya nzima imekwenda na maji. Baya zaidi, mashine ikizimwa kienyeji namna hiyo, ikiwashwa inakagua diski yake yote kwanza. Dakika ishirini za kukaa kimya, huku mtu unachemka.

Na ana haki ya kuchemka. Shirika hili la mifugo mjini Dodoma lilimpa miezi mitatu ya majaribio, inayoisha leo. Kazi isipokuwa mezani kwa bosi saa nane, hana mkataba. Atarudi nyumbani Miyuji kufuma masweta, kazi pekee ambayo watu wanaamini asiyeona anaiweza.

Bosi, Mama Dorkasi, anakuja kusuluhisha. "Si uwashe tu kioo, mwanangu? Watu waone."

"Shikamoo, mama. Nimekariri amri za Linux miezi minane ili nisikihitaji kioo. Leo nikiwashe kwa ajili yenu mnaoona?"

Anakiwasha, kwa kishindo.

Saa nane kasoro dakika tano, kurasa kumi na moja ziko mezani. Jibu la mkataba ni jioni. Akiupata, Restuta ameshapanga matumizi ya mshahara wa kwanza wa mkataba.

"Nitamnunulia Lameck ekstensheni ya umeme," anasema. "Maskini, anahitaji msaada."