Nafasi ya Neno Moja Ukutani

Habari ya kifo chake niliipata kwenye bango lililochapishwa, na najua angecheka. Nilikuwa nimesimama kwenye njia panda ya kwenda Endabash, nikisubiri fundi azibe tairi la pikipiki yangu, likapita gari lililobandikwa picha kubwa kwenye boneti. Sura niliitambua kabla sijasoma jina: kofia ile ile ya sufu, macho yale yale ya mtu anayetafuta kosa. Pembeni waliweka maua mekundu wanayomwekea kila marehemu, na chini pameandikwa kwa herufi za dhahabu, Buriani Baba Yetu. Fundi wa tairi alisimama, akavua kofia mpaka gari likapita. "Yule si mzee wa kuandika kuta?" akaniuliza. Nikamwambia ndiye. "Na yeye wamemchapisha," akasema, akarudi kwenye tairi lake.

Kwa wasomaji wa safu hii ambao hawajaishi Karatu, niseme tu kwamba mji huu kwa sehemu kubwa uliandikwa na mtu huyu. Kabla ya mashine za kuchapisha mabango kufika, ukitaka bucha, saluni, gereji au duka lako lijulikane, ulimfuata kwenye kibanda chake nyuma ya stendi, naye alikuja na ngazi, makopo ya rangi na kamba ya kunyooshea mistari. Tulimwita Msanii. Herufi zake zilikuwa nzito na zimesimama wima, ila K yake ilikuwa na mkia ulioinuka mwishoni, kama mkia wa ndama aliyefunguliwa asubuhi. Katika mji ambao jina lake linaanza na K, mkia huo ulikuwa kila mahali. Alichora pia simba na tembo kwa ajili ya maduka ya vinyago, kwa wageni wanaopanda kwenda kreta kutazama wanyama. Hao aliwachora haraka, huku akipiga mluzi. "Simba hata nikimkosea, hakuna atakayeumia," aliniambia. "Wageni kesho wanakwenda kumwona mwenyewe." Kwenye maneno ndiko alikokwenda polepole.

Sitaki kumfanya malaika kwa sababu amekufa. Alikuwa mbishi na mwenye majivuno. Ukipigilia tangazo lako juu ya maandishi yake alikufuata mpaka nyumbani. Na alikosea pia. Mama mmoja mwenye hoteli ya chai na makande alimwagiza aandike HOTELI juu ya mlango. Msanii akaona herufi ya mwisho inaharibu urembo, akaiacha, ikawa HOTEL, kama ilivyoandikwa kwenye lango la lodge moja kubwa ya barabarani. Baada ya muda wakatua pale wageni wawili, mume na mke, na mabegi yao mgongoni, wanataka chumba chenye maji ya moto. Yule mama akawapa chai, akawaonyesha jiko, akawaambia kwa ishara kwamba chumba ndicho hicho na maji ya moto ndiyo hayo kwenye sufuria. Wageni walipoondoka alikwenda stendi na mwiko mkononi. "Wewe baba, nirudishie I yangu!" Stendi nzima ilisikia. Msanii aliirudisha, imebanwa mwishoni, nyembamba kama kijiti. Miaka mingi watani wake walimsalimia hivyo: "Msanii, I ya mama umeirudisha?" Naye alijibu kwa utulivu kwamba ameirudisha, na kwamba wao warudishe akili walizoazima.

Lakini lipo neno ambalo hakuweza kulirudisha. Nililijua siku niliyokwenda kibandani kwake nikitaka kuandika habari nyepesi kuhusu maisha ya mchoraji. Nilimwuliza kwa nini wateja wanalalamika kwamba siku hizi anauliza maswali kama polisi kabla ya kushika brashi. Aliendelea kuosha brashi zake kwa mafuta ya taa, kisha akaniambia habari ya dada yake.

Dada huyo, mkulima wa Endabash, alikuwa na kisukari na alikuwa anameza vidonge vya zahanati. Siku moja alishuka Karatu kwenye mnada, akaona kibanda cha muuza dawa za miti shamba aliyekuwa mgeni mjini. Ubaoni palikuwa pameandikwa kwamba dawa ile INATIBU KISUKARI KABISA. Akasimama, akasoma, akaiona ile K yenye mkia. Akanunua. Nyumbani aliviweka vidonge vya zahanati kwenye kopo, akafunika, akaanza kunywa ule unga wa miti shamba. Hakumwambia mtu. Jembe likamkata mguuni wakati wa palizi, kidonda kikakataa kupona, na walipomfikisha hospitali mguu haukuokolewa. Muuza dawa alikuwa ameshahama na ubao wake, hakuna aliyejua amekwenda upande gani.

Msanii alikaa kando ya kitanda cha dada yake na kumwuliza swali ambalo ndugu yeyote angeuliza. "Kwa nini hukuniuliza kwanza?"

Dada akamtazama kama anayeulizwa jambo la kitoto. "Nikuulize nini? Si uliandika wewe?"

Kazi ile ya ubao aliipata kama kazi nyingine yoyote. Mteja alileta maneno kwenye kipande cha karatasi, naye akayahamishia ubaoni kwa mstari ulionyooka. Hakuahidi kitu. Hakuuza kitu. Lakini dada yake hakuwa amemwamini muuza dawa, ambaye hakumjua kabisa. Alimwamini kaka yake, ambaye mkono wake aliutambua pale ubaoni.

Tangu hapo Msanii akawa msumbufu, na usumbufu wake ukafika mahali palipomuuma kuliko pote. Mteja wake mkubwa alikuwa Haji mmoja wa mtaa wa sokoni, ambaye baba yake alikuja hapa kutoka Kondoa kufungua duka. Walikuwa marafiki wa kutaniana kila asubuhi. Kila duka la familia ile liliandikwa na Msanii. Haji alipoamua kuuza unga wa mizizi aliokuwa anautumia mama yake, alimwita kama kawaida na kumwonyesha ukuta mpya uliopakwa chokaa. Haji hakuwa tapeli. Mama yake alikuwa ameishi miaka mingi na kisukari, naye Haji aliamini kwa moyo wote kwamba ni unga ndio uliomweka hai.

Msanii aliandika karibu siku nzima. Watu walipokusanyika kuangalia, ukuta ulisomeka DAWA YA ASILI, chini yake KISUKARI NA PRESHA, na katikati palikuwa na nafasi nyeupe, imepigwa mistari ya penseli juu na chini, tayari kwa neno.

"Msanii, mbona umeruka hapo?" Haji aliuliza.

"Sijaruka. Nimekuachia."

"Umeniachia nini?"

"Neno lako. Ulitaka inatibu. Brashi hii hapa, rangi hii hapa, panda ngazi uandike."

"Mimi muuza duka, nitaandikaje?"

"Mimi mpaka rangi, nitatibuje?"

Watu wakacheka. Haji hakucheka. Msanii akashuka kwenye ngazi na kusema kwa sauti ya chini kwamba yuko tayari kuandika inasaidia.

"Inasaidia!" Haji akawageukia watu. "Hata maji yanasaidia. Hata usingizi unasaidia. Nani atatoa hela yake kwa inasaidia?"

"Basi nafasi ibaki."

Ikabaki. Haji alishika brashi siku ile mbele ya watu wote, akapanda ngazi mpaka katikati, akasimama hapo, akashuka. Hasira yake aliimalizia kwa Msanii. Kazi za familia zikaisha, utani wa asubuhi ukaisha. Baada ya muda mfupi mashine ya kwanza ya mabango ikafungwa kwenye steshenari moja ya barabara kuu, na Haji akaning'iniza bango jipya juu ya ukuta ule, lenye neno lote na picha ya majani mabichi. Mashine haikumwuliza kitu.

Wakati ule nilikuwa upande wa Haji, na nilimwambia Msanii hivyo. Nilimwambia mchoraji si daktari, kwamba mtu mzima akisoma tangazo ana akili yake ya kupima, na kwamba yeye mwenyewe aliandika vilabu vya pombe mji mzima bila kuuliza chochote. Hilo la mwisho lilimchekesha. "Pombe haimdanganyi mtu," alisema. "Imeandikwa pombe, ukinywa unakuta pombe." Kisha akanisimulia kijana wa kampuni ya mikopo aliyetaka ukuta uandikwe MKOPO WA HARAKA kwa herufi kubwa kama ndoo. Msanii alikubali, akataka kujua riba nayo aiandike kwa ukubwa gani.

"Hayo yapo kwenye mkataba, mzee."

"Na mkataba upo ukutani?"

"Hapana, upo ofisini."

"Basi haraka nayo ikae ofisini."

Kijana akaondoka na kwenda kwenye mashine. Wote walikwenda kwenye mashine. Msanii alibaki na misalaba ya makaburi, namba za milango ya lodge, na simba wake wa vinyago, mpaka macho yakachoka naye akarudi Endabash kuishi karibu na dada yake.

Nikipita barabara kuu leo naona mji unaong'aa kuliko ule alioutengeneza. Mabango yana picha za watu wanaotabasamu ambao hakuna anayewajua. Dawa zinatibu, mikopo ni rahisi, shule zote ni bora. Sisemi tuivunje mashine. Ni nafuu, haina jeuri, haikosei I ya mama. Ninachokikumbuka kwa huzuni ni ule muda uliokuwepo kati ya mtu kutamka neno na neno kuonekana mbele ya watu. Herufi moja ilichukua muda, na ndani ya muda huo kulikuwa na mtu juu ya ngazi anayekujua, anayemjua shangazi yako, anayeweza kugeuza shingo na kuuliza, una hakika? Sasa neno linatumwa kwa simu na kabla chai haijapoa limening'inia. Muda ule tumeuondoa bila kujua ulikuwa unafanya kazi gani.

Mazishi yalifanyika nyumbani kwake, kwenye mteremko unaotazama mashamba ya mahindi na mbaazi. Wazee walisalimiana Kiiraqw, watu wa mjini wakakaa pamoja upande wa turubai. Haji alikuja na kanzu yake nyeupe ikiwa imepata vumbi jekundu mpaka magotini. Alikwenda moja kwa moja alipokaa dada wa marehemu, mkongojo wake ukiwa umelazwa kwenye nyasi, akachuchumaa mbele yake.

"Pole sana, dada."

"Ahsante, Haji. Nimefurahi umekuja." Akamtazama kidogo. "Lile pengo ukutani kwako, bado lipo?"

"Lipo. Nimelifunika."

"Kaka alikuwa analiulizia. Kila aliyetoka mjini aliulizwa, Haji ameandika? Tukimwambia hajaandika, anafurahi siku nzima. Anasema, rafiki yangu yule."

Haji alitafuta kitambaa mfukoni, akakosa, akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Nadhani ndipo mimi pia nilipoelewa. Miaka yote tuliichukulia nafasi ile kama matusi aliyomwachia rafiki yake mbele ya watu. Kumbe Msanii alikuwa anahesabu kwamba ukuta mtupu ni ushahidi wa heshima ya Haji, kwamba kwa mkono wake mwenyewe hakuweza kuliandika neno asilokuwa na hakika nalo.

Juma lililofuata nilipita sokoni. Bango la majani mabichi lilikuwa limeshushwa, limekunjwa na kuegemezwa mlangoni. Maandishi ya zamani yamepauka, lakini mkia wa K bado umeinuka, na juu yake ile nafasi, na ukikaribia unaiona mistari ya penseli. Mwanamke mmoja aliyetoka mnadani, mtungi wa maziwa mgongoni, alikuwa amesimama pale akisoma kwa sauti. "Dawa ya asili... kisukari na presha. Haji, hapa katikati pamefutika nini?"

"Hapajafutika kitu, mama. Aliyeandika aliacha."

"Aliacha kwa nini?"

"Ili uniulize." Haji akamvutia kiti. "Kaa. Una vidonge vya hospitali? Unavimeza?"

Nimekuwa nikilifikiria lile jibu la dada yake Msanii, si uliandika wewe, kwa sababu nami naishi kwa kuandika, na wapo wengi wenzangu hata kama hawajui: mtangazaji anayesoma tangazo redioni, mwenye mashine anayebonyeza kitufe, na yeyote anayesambaza ujumbe kwa ndugu zake asubuhi kabla hajanawa uso. Tunajitetea kwamba maneno si yetu, tumeyapitisha tu. Lakini ndugu yetu akiyapokea huwa hamtazami aliyeyatunga. Anatazama mkono anaoujua, na akishautambua hana swali tena. Anayetuamini haulizi. Kwa hiyo kuuliza ni kazi yetu.