Pumzi Alizozikata Mukandekezi

Mukandekezi hakuwahi kusema neno hata moja redioni. Kazi yake ilikuwa ya wembe na utepe wa kunasia sauti. Mwaka ule wa 1993, katika redio moja ya binafsi mjini Kigali, alikata vikohozi, vigugumizi na pumzi za wasemaji, kisha akaweka muziki chini ya maneno.

"Toa pumzi zote, mama," Silvère, mtangazaji, alimwambia huku akicheka. "Msikilizaji ukimwachia nafasi atafikiri. Sisi tunataka acheze."

Akazitoa. Mahali alipounganisha utepe hapakusikika kamwe, naye alijivunia.

Mumewe Hakizimana, Baba Mukunde kwa majirani, fundi cherehani wa Nyamirambo, alikuwa mzito wa kusema. Ukimuuliza saa, alitazama jua kwanza. Siku moja jirani yao wa miaka kumi na tisa, Béatha, alileta maziwa kama kawaida. Hakizimana akayasukuma.

"Rudisha kwenu. Kabila lenu mnaficha silaha kila mtu anajua mmeonekana mkibeba."

"Ee, Baba Mukunde! Kitanda changu hakina hata godoro, silaha nitazificha wapi?" Béatha alitania. Akaondoka na maziwa yake.

Mukandekezi aliyajua maneno yale: yalitoka katika kipindi alichokikata mwenyewe. Hata mwendo wake aliujua: mumewe hakupumua palepale mkewe alipopitisha wembe.

Kesho yake kazini alifukua kopo la vipande vilivyotupwa. Kipindi kilikuwa kirudiwe Alhamisi mchana. Ndani yake msemaji aliulizwa: nani aliwaona? Alinyamaza sekunde saba, akakohoa, akasema, "Watu wanasema." Mukandekezi akaunga kila kipande mahali pake, akaondoa muziki.

Alhamisi alikaa kando ya cherehani ya mumewe. Redioni swali likaulizwa. Kimya.

"Betri zimeisha," Hakizimana akasema, akaipiga redio kofi.

"Betri mpya, nimeweka mwenyewe. Ni yeye hana jibu. Wewe unalo? Nani aliwaona?"

Mguu ukasimama juu ya kanyagio. Redioni mtu akakohoa, na papo hapo Silvère akawahi kupiga wimbo unaopendwa harusini, na maduka yote ya mtaa, kila moja na redio yake, yakaupokea kwa miluzi.

Mguu ukaanza tena, taratibu, ukifuata ngoma.

"Nimekuuliza, Baba Mukunde!"

Mukandekezi akachomoa betri, moja baada ya moja, akazivurumisha barabarani. Muziki haukupungua hata kidogo.