Ndoto Niliyomkataza Kuisimulia

Mdogo wangu Abdulshakur, Mwenyezi Mungu amrehemu, alichimba dhahabu Geita miaka tisa. Mwaka 2018 duara, yaani shimo la kuchimbia, lilititia wakiwa wawili chini. Yeye alitoka. Mwenzake, Mihayo, alibaki kwenye kifusi na mwili wake ukatolewa siku ya tatu.

Abdulshakur akahamia kwangu Nyasubi, Kahama, na mkewe Zuhura, akapata kazi ya kusaga mawe kwenye karasha. Shimoni hakushuka tena, ila akilala tu alikuwa huko: Mihayo amemshika mguu, naye anampiga mateke ili aokoke. Mateke yakawa yanampata Zuhura. Siku moja alimkaba shingo.

"Wifi," Zuhura aliniambia akinionyesha alama, "ndugu yako ataniua, halafu asubuhi aniulize mbona sijachemsha chai. Akinigusa tena narudi kwetu."

Nilimpa mdogo wangu mafundisho niliyoyapata madrasa: ndoto mbaya ni ya shetani, tema kushoto mara tatu, omba kinga kwa Mungu, geuka ubavu, usimsimulie mtu. Akatii. Miaka minne alilala sebuleni peke yake, miguu ameifunga kwa kanga, na hakusema neno.

Aliyemfungua mdomo ni Asteria, muuguzi wa zahanati alikokwenda kutibiwa kikohozi. Alimwambia wapo watu hujifunza kutambua, wakiwa usingizini, kwamba wanaota, na wakishatambua huacha kukimbia. "Chagua jambo unalolifanya kila siku," alimwambia. "Kila ukilifanya jiulize kama uko macho."

Wachimbaji hugonga matimba, yale magogo yanayozuia ukuta wa duara, wasikie kama yameshika kabla ya kupita. Basi akawa anagonga kila mlango na kusikiliza.

"Abdu, hodi ya choo chako mwenyewe nani ataitikia?" jirani yetu Masudi alimtania.

"Akiitikia mtu, nahama."

Mimi sikucheka. Niliona ni mambo ya kishirikina, nikamgombeza.

Wiki ya saba alinifuata jikoni. "Dada, nimegonga timba halikutoa sauti. Nikajua naota. Miguu ikataka kukimbia, nikaikataza. Nikageuka nikamwangalia Mihayo usoni, nikamshika mkono."

"Akatoka?"

"Hakutoka. Amekufa, dada. Nikakaa naye."

Siku hiyohiyo alimweleza Zuhura yote, pamoja na lile ambalo sisi hatukulijua: yale mateke hayakuwa ya ndotoni tu. Alimpiga Mihayo kweli, chini kule, mpaka mkono ukaachia. Zuhura akalikunja godoro la sebuleni akalirudisha chumbani.

Ndoto iliendelea kuja, mara moja moja, lakini hakumgusa tena mkewe. Alikwenda kwa mama yake Mihayo akamwomba radhi. Yule mama aliingia ndani akafunga mlango, na yeye hakumlaumu.

Kikohozi kilikuwa vumbi la mawe kwenye mapafu. Hakikupona. Mwezi wa pili mwaka huu hospitali ilituambia tumrudishe nyumbani. Nilimwambia Zuhura aje alale chumbani kwangu apumzike, mimi nimwuguze. Akasema, "Hapana wifi, nalala na mume wangu."

Alfajiri moja, kwenye adhana, Zuhura aliniita. Mkono wa Abdulshakur ulikuwa kifuani pa mkewe, umepoa tayari. Alikataa kuuondoa mpaka waoshaji walipofika.